Natalia Vorobieva: Bingwa wa mieleka wa Urusi na mlango uliofungwa nyuma yake

Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Urusi kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki katika mieleka. Miaka 12 baadaye, michezo ya Paris ilipofunguliwa, Urusi haikupeleka mwanamieleka hata mmoja, si mwanamume wala mwanamke. Katika makala hii tunaangalia safari ya Natalia Vorobieva na inachotueleza kuhusu mchezo wake, nchi yake, na swali ambalo hata Afrika Mashariki imewahi kulijibu kwa gharama kubwa: serikali zinapogombana, nani hulipa?

Kutoka Tulun hadi London

Natalia Vorobieva alizaliwa Mei 27, 1991, katika mji wa Tulun, mkoa wa Irkutsk, huko Siberia. Ni mji mdogo kando ya mto Iya, unaopitiwa na reli ndefu inayounganisha Moscow na pwani ya Pasifiki. Saa zake ziko mbele ya saa za Moscow kwa saa tano. Wengi nje ya Urusi walilisikia jina la Tulun kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Juni 2019, mafuriko makubwa yalipousomba sehemu ya mji huo, watu wakapoteza maisha na maelfu kubaki bila makazi.

Kwa wapenzi wa mieleka, jina hilo lilikuwa limekwisha kusikika tangu Agosti 9, 2012. Siku hiyo, katika ukumbi wa ExCeL jijini London, Vorobieva aliingia fainali ya uzito wa kilo 72 akiwa na umri wa miaka 21. Mpinzani wake alikuwa Stanka Zlateva wa Bulgaria, bingwa wa dunia mara tano, aliyekuwa amepoteza fainali ya Olimpiki ya Beijing miaka minne kabla na alikuja London kutafuta medali pekee iliyokosekana kabatini mwake.

Kwa vyovyote vile, Zlateva ndiye aliyepewa nafasi kubwa ya kushinda. Badala yake alilazwa chali. Katika mieleka, mabega yote mawili yakibanwa mkekani, pambano limekwisha hapo hapo, hata kama uliyelazwa ulikuwa unaongoza kwa pointi. Hakuna cha kuhesabu wala cha kukatia rufaa. Kwa Urusi, nchi ambayo wanaume wake wamekusanya medali za mieleka kwa vizazi kadhaa, hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kuletwa na mwanamke.

Kabla yake walikuwepo waliokaribia. Guzel Manyurova alipata fedha Athens mwaka 2004, mwaka ambao mieleka ya wanawake iliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Alena Kartashova naye alipata fedha Beijing mwaka 2008, akizuiwa na Kaori Icho wa Japani. Manyurova baadaye alihamia timu ya Kazakhstan, na London alisimama kwenye jukwaa lile lile pamoja na Vorobieva akiwa na shaba, lakini bendera iliyopandishwa kwa ajili yake ilikuwa ya nchi nyingine.

Mchezo wa mabingwa wengi, wanawake wachache

Ili kuelewa uzito wa dhahabu ile, lazima tuangalie ramani ya mieleka ya Urusi. Kitovu chake ni Caucasus Kaskazini: Dagestan, Ossetia Kaskazini, Chechnya. Huko mieleka ni kama kandanda ilivyo mitaani kwetu. Mtoto wa kiume huanza akiwa mdogo, ukoo mzima unajua matokeo, na bingwa akirudi nyumbani hupokewa kama kiongozi.

Mieleka ya wanawake haikushika mizizi huko kwa kiwango hicho hicho. Wanawake wengi waliovaa jezi ya Urusi walitoka kwingine: Siberia, jamhuri za Tuva na Buryatia zenye mila zao wenyewe za mieleka, na mikoa ya katikati ya nchi. Walikuwa wanaingia kwenye nyumba iliyokwisha jengwa na kupambwa na wanaume. Makocha walikuwa wanaume, viongozi walikuwa wanaume, na kipimo cha mafanikio kilikuwa kile kilichowekwa na wanaume.

Hata ratiba ya Olimpiki ilisema hivyo hivyo. Jijini London kulikuwa na medali 18 za dhahabu za mieleka. Wanaume walikuwa na 14, yaani saba za mtindo huru na saba za mtindo wa Kigiriki na Kirumi, ambao hauruhusu kushika miguu. Wanawake, wanaoshindana kwa mtindo huru pekee, walikuwa na nne. Msichana wa kilo 67, kwa mfano, alilazimika kuchagua kushuka hadi 63 au kupanda na kukutana na watu wa kilo 72.

Mchezo ulioponea chupuchupu

Miezi sita tu baada ya ushindi wa Vorobieva, mchezo wake ulikaribia kufutwa. Februari 2013, bodi ya utendaji ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ilipendekeza mieleka iondolewe katika orodha ya michezo ya msingi kuanzia mwaka 2020. Habari hiyo iliwashangaza wengi, kwa sababu mieleka ilikuwepo katika Olimpiki za Wagiriki wa kale na katika zile za kwanza za zama hizi, Athens mwaka 1896.

Malalamiko yaliyotolewa dhidi ya mchezo huo hayakuwa ya bure. Kanuni zake zilikuwa ngumu kueleweka na mtazamaji wa kawaida. Pambano liligawanywa katika vipindi vya dakika mbili mbili vilivyohesabiwa kila kimoja peke yake, hivyo mtu angeweza kupata pointi nyingi kwa jumla na bado akashindwa. Shirikisho la kimataifa, wakati huo likiitwa FILA, lilionekana kuwa mbali na wanamichezo. Na wanawake walikuwa na nafasi finyu.

Kilichofuata ni jambo ambalo leo ni vigumu kuliamini. Marekani, Urusi na Iran, nchi tatu ambazo hazikubaliani karibu katika jambo lolote, zilisimama upande mmoja. Mei 2013 wanamieleka wao walipambana katika onyesho maalumu ndani ya kituo cha treni cha Grand Central, New York, ili kuuonyesha ulimwengu kile ambacho kingepotea. Rais wa FILA, Raphaël Martinetti, alikuwa amekwisha ondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Nenad Lalović wa Serbia. Kanuni zikabadilishwa: vipindi viwili vya dakika tatu tatu, na pointi zote zikajumlishwa. Septemba mwaka huo, mjini Buenos Aires, wanachama wa IOC walipiga kura na kuirudisha mieleka, ikiishinda besiboli na softiboli pamoja na skwoshi.

Sehemu muhimu ya mageuzi hayo ilikuwa wanawake. Kuanzia Rio mwaka 2016, medali zile 18 ziligawanywa sita kwa sita kwa sita. Wanawake walipanda kutoka madaraja manne ya uzito hadi sita. Kwa maneno mengine, mchezo wa kale uliokuwa ukiwaona wanawake kama wageni ulijiokoa kwa kuwapa viti zaidi mezani. Kizazi cha Vorobieva ndicho kilichovikalia viti hivyo kwanza.

Jioni moja mjini Rio

Vorobieva aliitumia nafasi hiyo. Mwaka 2015, mjini Las Vegas, alitwaa ubingwa wa dunia katika daraja jipya la kilo 69. Agosti 17, 2016, mjini Rio de Janeiro, aliingia fainali yake ya pili ya Olimpiki.

Jioni hiyo inakumbukwa zaidi nchini Japani. Kulikuwa na fainali tatu za wanawake, na katika zote tatu alikuwemo Mjapani. Katika kilo 48, Eri Tosaka alimshinda Mariya Stadnik wa Azerbaijan. Katika kilo 58, Kaori Icho alimgeuzia kibao Mrusi Valeria Koblova sekunde za mwisho na kutwaa dhahabu yake ya nne mfululizo, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amelifanya katika mchezo wa mtu mmoja mmoja wa Olimpiki. Kisha Sara Dosho akafanya karibu yale yale kwa Vorobieva, akimwangusha dakika za mwisho za pambano ambalo Mrusi huyo alikuwa akiongoza. Wanawake wawili wa Urusi walikuwa wameikaribia dhahabu, na wote wawili waliondoka na fedha.

Katika daraja lile la Koblova kulikuwa na hadithi nyingine mbili. Sakshi Malik wa India alikuwa amefungwa na Koblova katika robo fainali. Kanuni za mieleka zinampa nafasi ya pili aliyefungwa na mtu anayefika fainali: hurudishwa kugombea shaba. Koblova alipofika fainali, Malik akafufuka, akashinda shaba na kuwa mwanamke wa kwanza wa India kupata medali ya Olimpiki katika mieleka. Shaba ya pili ilikwenda kwa Marwa Amri wa Tunisia, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupanda jukwaa la mieleka ya Olimpiki.

Lakini Rio iliacha pia doa. Inna Trazhukova, Mrusi wa kilo 63, alishindwa katika pambano la kugombea shaba dhidi ya Monika Michalik wa Poland. Siku chache baadaye alisema hadharani kwamba kiongozi wa juu wa shirikisho la mieleka la nchi yake alimpiga usoni baada ya kushindwa. Tuhuma hizo ziliandikwa na vyombo vya habari duniani kote. Hatuna nafasi ya kuwa mahakama hapa. Tunachoweza kusema ni kwamba kwa mwanamichezo aliye bado katika timu, kusema maneno hayo dhidi ya watu wanaoamua nani asafiri na nani abaki si jambo dogo.

Wala si suala la Urusi peke yake. Mwaka 2023 wanamieleka wa India, akiwemo Sakshi Malik yule yule wa Rio, waliingia mitaani New Delhi wakimtuhumu mkuu wa shirikisho lao kuwanyanyasa wanawake kingono, tuhuma alizozikanusha. Desemba mwaka huo, mtu wa karibu na kiongozi huyo alipochaguliwa kumrithi, Malik aliviweka viatu vyake mezani mbele ya waandishi wa habari na kutangaza kuacha mchezo. Katika mieleka, kuvua viatu ni ishara ya kustaafu. Kwa kawaida hufanyika mkekani, baada ya pambano la mwisho, huku ukumbi ukipiga makofi.

Viti vile vya Rio, basi, vilikuwa na bei yake. Nafasi ziliongezeka kwa wanawake haraka kuliko zilivyobadilika ofisi zinazowasimamia.

Hesabu ya kilo

Baada ya Rio, madaraja yalipangwa upya. Kwa Olimpiki za Tokyo yalikuwa kilo 50, 53, 57, 62, 68 na 76. Mashindano ya dunia yakawa na madaraja kumi, yaani hayo sita pamoja na 55, 59, 65 na 72.

Msomaji anaweza kudhani hili ni jambo la makarani. Kwa mwanamieleka ni maisha. Septemba 2019, mjini Nur-Sultan, Kazakhstan, Vorobieva alitwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya pili, safari hii katika kilo 72, miezi michache tu baada ya mafuriko kuupiga mji wake wa Tulun. Lakini kilo 72 haimo katika Olimpiki. Bingwa wa dunia wa daraja hilo, akitaka kwenda Olimpiki, ana njia mbili: apunguze kilo nne na kukutana na watu wepesi zaidi, au apande hadi 76 na kukutana na watu wazito kuliko yeye.

Mfano wa hivi karibuni unatoka Marekani. Amit Elor alikuwa bingwa wa dunia wa kilo 72 mwaka 2022 na 2023. Kwa ajili ya Paris alishuka hadi 68, na akiwa na miaka 20 tu akarudi nyumbani na dhahabu. Upande wa pili wa shilingi ni Vinesh Phogat wa India. Jijini Paris alifika fainali ya kilo 50, kisha asubuhi ya fainali mizani ikaonyesha amezidi kwa takriban gramu 100. Aliondolewa mashindanoni na hakupata medali yoyote.

Mwanamieleka, basi, hapambani na mpinzani peke yake. Anapambana na mizani, na umri, na kalenda inayokuja kila baada ya miaka minne. Mwili wa kushinda dhahabu huwa nao kwa muda mfupi. Hili tulikumbuke tunapofika kwenye suala la bendera.

Bendera inayoshushwa hatua kwa hatua

Safari ya Vorobieva ilikwenda sambamba na kuporomoka kwa hadhi ya Urusi katika michezo ya kimataifa. Jijini London alipigiwa wimbo wa taifa kama kawaida. Kufikia Rio, ripoti ya uchunguzi ya Richard McLaren ilikuwa imeeleza mfumo wa kuficha matumizi ya dawa za kuongeza nguvu uliohusisha vyombo vya dola. Timu ya riadha ya Urusi ilifungiwa karibu yote, ile ya kunyanyua vitu vizito yote, na kila shirikisho la kimataifa likaachiwa kuamua kuhusu wanamichezo wake. Wanamieleka wengi wa Urusi waliruhusiwa.

Desemba 2019 Wakala wa Kupambana na Dawa za Kuongeza Nguvu Michezoni, WADA, uliifungia Urusi kwa miaka minne. Mwaka mmoja baadaye, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilipunguza adhabu hiyo hadi miaka miwili. Ndiyo maana Tokyo mwaka 2021 Warusi walishindana kwa jina la kamati yao ya Olimpiki, bila bendera, na washindi wao walipigiwa muziki wa Tchaikovsky badala ya wimbo wa taifa. Wanaume wao walitwaa dhahabu nne za mieleka. Wanawake hawakupata medali hata moja. Dhahabu ya Vorobieva ya London na fedha zile mbili za Rio zilibaki bila mrithi.

Kisha ikaja Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa majeshi makubwa. Shirikisho la mieleka duniani, ambalo sasa linaitwa United World Wrestling, liliwafungia Warusi na Wabelarusi mwezi uliofuata. Mwaka 2023 likawafungulia mlango mdogo: wangeweza kushiriki mmoja mmoja, bila bendera wala wimbo wa taifa. Kwa Paris, IOC iliweka masharti zaidi. Aliyeunga mkono vita waziwazi, au aliye na mkataba na jeshi au vyombo vya usalama, asingealikwa. Sharti hili la pili lilikuwa zito, kwa sababu nchini Urusi vilabu vya jeshi na polisi vimekuwa kwa miongo mingi waajiri wakuu wa wanamichezo.

Wanamieleka kadhaa wa Urusi walipita katika chujio hilo na kupewa mwaliko. Lakini Julai 2024, wiki chache kabla ya michezo kuanza, shirikisho la mieleka la Urusi lilitangaza kwamba hakuna atakayekwenda. Lilidai kwamba uteuzi uliofanywa na IOC haukufuata misingi ya kimichezo, kwa kuwa uliwaacha nje baadhi ya walio bora. Baadhi ya Warusi wa michezo mingine walikwenda, na wachezaji wa tenisi Mirra Andreeva na Diana Shnaider walirudi na fedha. Katika mieleka, hakuna.

Hoja mbili zinazogongana

Je, ilikuwa haki? Tunadhani ni vyema kuzisikiliza hoja zote mbili kabla ya kutoa jibu.

Hoja ya Ukraine inaeleweka kirahisi. Wanamichezo wake wameuawa vitani. Kumbi zao za mazoezi zimepigwa kwa makombora. Wengi wamejiandaa wakiwa ugenini, mbali na familia. Iryna Koliadenko, mwanamieleka wa kilo 62, alipata shaba Tokyo na fedha Paris, ya pili ikiwa imetafutwa wakati nchi yake ikiwa vitani. Kwa watu kama yeye, kumwambia ashikane mikono na mwakilishi wa dola inayoishambulia nchi yake, kisha tuseme michezo haina siasa, ni kumwomba abebe mzigo ambao si wake. Aidha, Urusi yenyewe imezitumia medali kama ushahidi wa ukuu wa taifa. Anayechanganya michezo na siasa akiwa mshindi hawezi kulalamika vikichanganywa akiwa mtuhumiwa.

Hoja ya pili ni ya mtu mmoja mmoja. Msichana wa Tulun au wa Kyzyl, mji mkuu wa Tuva, hakuamua vita. Mara nyingi hata klabu ya jeshi hakuichagua kwa mapenzi ya sare, bali kwa sababu ndiyo inayolipa mshahara. Ikiwa amechunguzwa na kuonekana hana hatia, kwa nini asipambane?

Tukiziweka hoja hizi kando kwa kando, tunaona jambo moja ambalo mjadala mkubwa hulipita haraka. Waliowafungia wanamieleka walioalikwa Paris hawakuwa IOC wala Ukraine. Lilikuwa shirikisho lao wenyewe. Mlango mdogo ulikuwa wazi, na aliyeufunga alikuwa ndani ya nyumba. Tukikumbuka kile alichosema Trazhukova mwaka 2016, tunaona kwamba swali la nani mwenye sauti katika mieleka ya Urusi halikuanza na vita. Vita viliifanya tu sauti ya mwanamichezo kuwa ndogo zaidi.

Somo tunalolijua sisi

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hadithi hii si ngeni. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia, na sisi tumewahi kuwa na nyasi zetu.

Mwaka 1974 Filbert Bayi wa Tanzania aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, akimwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake. Dunia ilisubiri wakutane tena Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Tanzania, Kenya na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker alishinda dhahabu. Bayi alisubiri miaka minne, na Moscow mwaka 1980 akapata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, huku mwenzake Suleiman Nyambui akipata fedha katika mita 5,000.

Kenya haikwenda Moscow, kwani ilijiunga na mgomo wa kupinga uvamizi wa Kisovieti nchini Afghanistan. Ndiyo maana Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978, hakuwahi kukanyaga Olimpiki hata mara moja katika miaka yake bora.

Sababu hazifanani. Kususia Montreal kulikuwa sauti dhidi ya ubaguzi wa rangi, na wengi waliotoa kafara hiyo wanaiona kuwa ya haki hadi leo. Kukataa kwa Urusi mwaka 2024 kulikuwa jibu la shirikisho lililoona limedhalilishwa. Lakini kwa mkimbiaji au mwanamieleka, hesabu ni ile ile: miaka minne haiombwi tena. Tofauti ni kwamba Bayi na Rono angalau wanakumbukwa kwa kile walichokikosa. Wasichana waliobaki nyumbani mwaka 2024 hata majina yao hayajulikani na wengi.

Wakati huo huo mchezo haukuwasubiri. Japani imeendelea kutawala mieleka ya wanawake. Marekani imezalisha kizazi kipya. Afrika nayo imesogea: mwaka 2021 Blessing Oborududu wa Nigeria alipata fedha mjini Tokyo katika kilo 68, medali ya kwanza ya Olimpiki ya nchi yake katika mieleka. Mtoto wa kike wa Lagos au Tunis leo anaweza kumtaja mwanamke wa bara lake aliyesimama kwenye jukwaa hilo. Mtoto wa Tulun anaweza kumtaja Vorobieva, lakini akiuliza afuate njia gani ili afike pale alipofika, jibu haliko mikononi mwa kocha wake.

Kinachobaki

Medali ya Vorobieva ya London imebaki yake. Katika kipindi ambacho sampuli za zamani zilipimwa upya na medali nyingi za mwaka 2012 kubadilisha wenyewe, hilo si jambo la kupuuza. Dhahabu moja ya Olimpiki, fedha moja, na ubingwa wa dunia mara mbili katika madaraja mawili tofauti: ni rekodi ambayo mwanamieleka yeyote wa kike angejivunia.

Siku Urusi itakaporudi kikamilifu kwenye Olimpiki, kwa masharti yoyote yatakayokubaliwa, wanaume wa Caucasus pengine watarudi haraka mahali pao, kwa sababu nyuma yao kuna kumbi zilizojaa na mila ya vizazi. Kwa wanawake hali ni tofauti. Mila yao ilikuwa bado changa, imejengwa juu ya watu wachache. Mti mkubwa huvumilia kiangazi, mche haukawii kunyauka.

Ndiyo maana tunasema, kipimo cha safari hii hakiko tu katika jioni ile ya London, Zlateva alipolala chali na ukumbi ukasimama. Kipimo kiko katika idadi ya wasichana watakaoingia ukumbi wa mazoezi huko Siberia wakijua kwamba mbele yao kuna mashindano ya kweli, viongozi wanaowaheshimu, na haki ya kusema ndiyo au hapana kwa mwaliko ulioandikwa kwa majina yao. Kwa sasa, hayo matatu yote bado hayajapatikana.